Beseni la Fundi Mhina

Mara tatu niliswali istikhara,
nikalala ubavu wa kulia kama nilivyofundishwa,
nikingoja ndoto.
Wenzangu huota kijani, huota maji,
huota marehemu wamevaa kanzu wakionyesha njia.
Mimi usiku wa kwanza sikuota kitu.
Wa pili niliota nahesabu vitunguu.
Wa tatu mbu hawakunipa hata usingizi wa kuotea.

Swali langu lilikuwa fupi:
Kibwana amelazwa Bombo. Niende, nisiende?
Miaka saba hatujapeana salamu,
tangu arubaini ya mama, tangu maneno yale
yaliyosemwa ukumbini mbele ya watu,
mengi yao nikiyasema mimi.

Alhamisi nikatoka na baiskeli kwenda kununua pweza.
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
tairi la nyuma likasema fyuu.
Nikashuka nikiguna: hata na hili leo?

Kando ya duka la mkaa palikuwa na kijana,
Mhina, Mbondei wa Muheza,
msalaba mdogo wa mbao shingoni,
mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni.
Alikuwa akiimba kitu cha kanisani kwa pua
bila kukifikisha mwisho.
Nikakalia kreti la soda, uso nimeuelekeza ng'ambo.
Sikuwa na hamu ya mazungumzo.

Akachomoa mpira, akaujaza upepo,
akausogeza shavuni, akatikisa kichwa.
"Kwa jicho hutaliona, mama.
Tundu ni dogo kuliko hasara yake."
Akavuta beseni la maji machafu,
akauzamisha pole pole, kipande kwa kipande,
kama anayemwosha mtoto,
hata pahala pamoja maji yakaanza kusema:
vipovu vidogo, kimoja kimoja,
mithili ya mtu anayevuta uradi.

"Hapa. Jirani na kiraka cha zamani.
Lakini chenyewe hakijaachia, tazama.
Aliyekibandika hakuwa na haraka."

Nikatazama.
Mwekundu. Mnene. Una mistari midogo ya mshazari.
Nikaomba niushike.

Ule mpira wa mama wa maji ya moto,
wa kukandia kiuno,
niliousaka msiba mzima, uvunguni, darini,
hata nikasema ukumbini humu mna mwizi,
na mwizi nikamtaja jina.

Na kweli aliuchukua.
Aliuchukua, akaukata duara kwa mkasi,
akaubandika kwenye gurudumu langu
siku nisiyoijua, labda usiku,
mimi nikiwa ndani nalia na wanawake.
Miaka saba nimekuwa nikiupanda
kwenda sokoni, kwenda chuoni kuwachukua wajukuu,
kwenda kumsengenya.

Sikujua nicheke au nikasirike upya.
Mpira mzima wa mama, kwa kiraka kimoja!
Ndivyo alivyo. Toka utotoni hajui kuomba ruhusa,
wala kusema alichokufanyia.

"Mia tano," alisema Mhina,
akapiga pampu, akaudaka wimbo wake
pale pale alipouacha.
Hakujua kama ameniambia neno.
Nami sikumwambia. Nilimpa elfu, nikasahau chenji.

Siku tatu nilifumba macho nitazamiwe njia.
Hii nimeiona macho makavu, saa nne ya jua,
puani harufu ya gundi,
mkononi maji yaliyooshea matairi ya watu.

Pweza sikununua.
Kwenye njia panda usukani uliyumba kidogo,
nikauacha.

Langoni Bombo askari akaniuliza, wodi gani?
Wodi sikuwa nimeiuliza kwa mtu.
Nikamtajia jina la kaka yangu.
Lilikuwa na miaka saba halijapita kinywani kwa wema;
likatoka kidogo kidogo,
kama vile vipovu.